Ufunguo Uko kwa Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya viongozi wa timu zinazotengeneza programu za biashara. Ninaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Slaidi nimeziacha, hazikuwa na jambo ambalo sikulisema kwa mdomo.

Ndugu zangu, habari za asubuhi.

Mmeitikia kwa sauti ya chini, na siwalaumu. Mtu akisoma kwenye ratiba "kuchagua mfumo wa kutunza matoleo ya programu", anajua muda wake wa kusinzia umewadia. Basi tuanze na kisa, usingizi utatukuta mbele ya safari.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika timu ya watu sita. Tulikuwa tunatengeneza programu ya ankara. Mfumo wetu wa kutunza matoleo, yaani programu inayohifadhi kila badiliko la mafaili na jina la aliyelifanya, ulikuwa wa kufunga mafaili. Ukitaka kubadilisha faili, unaliazima. Likishaazimwa linafungwa kwa jina lako. Wengine wanaweza kulisoma, kulibadilisha hawawezi mpaka ulirudishe. Taratibu za maktaba, basi. Ijumaa moja mwenzetu, mtu makini kuliko sisi wote, aliazima faili la kukokotoa kodi, akagusa mistari miwili, akasahau kulirudisha, akaenda likizo ya wiki tatu.

Jumatatu asubuhi mteja akapiga simu. Kiwango cha kodi kimebadilika na ankara zake bado zinatoka na hesabu ya zamani. Tukaenda kwenye faili: limefungwa. Nani anaweza kuvunja kufuli? Msimamizi wa mfumo. Na msimamizi wa mfumo ni nani?

Naona mmeshaanza kucheka. Ndiyo, ni yeye yule aliyekwenda likizo.

Tukafanya wanachofanya watu waliokwama. Tulinakili faili pembeni, tukalirekebisha, tukampelekea mteja bila mfumo kujua. Mteja akashukuru. Wiki tatu zikapita, mwenzetu akarudi, akarudisha faili lake na ile mistari yake miwili, na toleo lililofuata likatoka na kodi ya zamani. Safari hii halikwenda kwa mteja mmoja. Lilikwenda kwa wote.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza achague mfumo gani, humrudishia swali: ufunguo uko kwa nani? Nitalirudia asubuhi hii mpaka mlichoke.

Na wenye haraka niwape jibu lao mapema. Kwa timu nyingi zilizomo humu ukumbini, mfumo ni Git, na uamuzi huo hauhitaji kikao cha pili. Ndio unaofahamika na karibu kila mtu mtakayemwajiri, ndio unaoungwa mkono na karibu kila chombo mtakachonunua. Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyougawa muda. Nimeona timu ikikaa miezi miwili inalinganisha mifumo kwa majedwali yenye rangi za kijani na nyekundu. Halafu ikatumia alasiri moja kuamua hazina ya msimbo (ghala la maandishi ya programu na historia yake) itakaa wapi, nani ataweza kuifuta, na nani atajua ikifutwa. Alasiri moja, jamani! Na yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Lakini kabla hamjatoka kwenda kunywa chai, tuzitendee haki zile kufuli, kwa sababu hazikubuniwa na wajinga.

Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs aliandika SCCS, mfumo ambao wengi wanauhesabu kuwa wa kwanza wa aina hii. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Yote miwili ilitunza historia ya faili moja moja, na yote miwili ililinda kwa kufuli. Kwa wakati ule ilitosha. Kisha ikaja shida ya mwalimu mmoja wa Amsterdam, Dick Grune. Kati ya 1984 na 1985 alikuwa anatengeneza kompaila (programu ya kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) ya lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili. Mwanafunzi wa kwanza alishika saa za ofisi, akija asubuhi na kuondoka jioni. Wa pili hakuwa na ratiba inayoeleweka. Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu.

Hebu piga picha: kufuli katika timu hiyo. Nani angemsubiri nani? Wa asubuhi akisahau kulirudisha faili, mwalimu wa jioni anakaa anakodolea macho kioo. Grune akaandika skripti, yaani programu fupifupi, juu ya RCS ili kila mmoja awe na nakala yake, aibadilishe kwa saa zake, kisha mabadiliko yaunganishwe. Mwaka 1986 akazitoa hadharani, na hapo ndipo ilipoanzia CVS. Warithi wake ndio mnaowajua: Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kampuni ya CollabNet ikafikia toleo la 1.0 mwaka 2004, na baadaye kundi la akina Git.

Alichokigundua Grune ni kwamba watu wawili wanaofanya kazi kwenye faili moja mara nyingi hawagusi mstari mmoja. Mimi nipo juu narekebisha anwani ya mteja, wewe upo chini unarekebisha jumla. Ya nini tusubiriane? Na siku tukigongana kweli kwenye mstari uleule, mfumo unasimama, unatuonyesha matoleo yote mawili, sisi tunakaa na kuamua. Kufuli inawazuia watu mia moja kwa sababu ya ugomvi wa wawili.

Ila sasa niulize. Nani humu anaweza kuunganisha picha mbili za nembo moja? Wewe umeipaka buluu, mwenzako ameizungusha. Kompyuta itaunganisha nini hapo? Vivyo hivyo sauti, video, michoro ya pande tatu, hata majedwali makubwa ya hesabu. Mafaili ya namna hiyo hayaungani, na hapo kufuli inarudi kuwa rafiki. Ndiyo maana wanaotengeneza michezo ya kompyuta wengi wao wako na Perforce, mfumo uliopo tangu 1995, wenye kitovu kimoja, wenye kufuli, na usiotetereka mbele ya mafaili mazito. Git kwa asili yake inambebesha kila mtu historia yote. Ukiingiza video ya megabaiti 500 leo, ukaifuta kesho, kila atakayechukua nakala kamili mwaka ujao bado ataibeba. Tangu 2015 kuna nyongeza iitwayo Git LFS inayoyaweka mafaili mazito pembeni, na inasaidia, lakini ni kiraka. Kama nusu ya kazi yenu ni kiraka, badilisheni nguo.

Jambo la pili linaloweza kuwatoa kwenye Git ni ruhusa. Subversion inaweza kumwambia mkandarasi: wewe utaona folda hii, ile ya pembeni hutaiona. Git haina jambo hilo. Mwenye hazina anaisoma yote. Mkitaka kuficha sehemu, mnagawa hazina mbili, tatu, nne, na kuzigawa kuna gharama yake: badiliko moja la kibiashara linageuka mabadiliko manne yanayotakiwa kufika pamoja. Timu zenye wakandarasi wengi wa nje walifikirie hili kabla, maana nimeona likifikiriwa baada.

Hayo ndiyo makubwa mawili. Kuna la tatu, nalo ni ugonjwa: kuiga majitu.

Utasikia mtu kwenye kikao, "Google wanaweka kila kitu kwenye hazina moja, na sisi tufanye hivyo." Ni kweli, karibu msimbo wao wote uko pamoja. Kufikia Januari 2015 hazina hiyo ilikuwa na mistari kama bilioni 2 na data ya terabaiti 86. Waliitumia Perforce kwa zaidi ya miaka kumi mpaka ikawaelemea, wakajitengenezea mfumo wao, Piper. Mwingine atasema, "Lakini Microsoft wameiweka Windows kwenye Git." Kweli pia, mwaka 2017. Hazina ya gigabaiti 300 hivi, mafaili kama milioni 3.5, wahandisi wapatao 4,000. Anachosahau kuwaambia ni kwamba Git ya kawaida ililemewa, ikabidi waandike mfumo mzima wa mafaili unaoshusha faili pale tu unapolifungua. Facebook nao walipima wakaenda na Mercurial, mfumo unaofanana na Git, wakaigeuza mpaka ikafanana na mahitaji yao.

Nyinyi timu yenu ina watu wangapi? Tisa? Hazina yenu ina ukubwa gani? Basi hadithi za majitu zisikilizeni kwa raha, kisha rudini mezani penu.

Sasa nije kwenye mlango wa kutokea. Hapa nitakaa kidogo, maana kisa chake ni kitamu.

Mwaka 2002, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliamua kuitunza kerneli yake, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, kwa mfumo wa kutunza matoleo uitwao BitKeeper. BitKeeper ilikuwa mali ya kampuni ya Larry McVoy, BitMover. Ilikuwa programu ya kuuzwa, lakini watu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, walipewa toleo la bure kwa masharti. Mojawapo ya masharti lilikuwa kwamba anayelitumia toleo la bure asishiriki kutengeneza mfumo wa kushindana nalo. Baadhi ya watengenezaji walipiga kelele: inakuwaje kazi huria kubwa kuliko zote ikae ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine? Torvalds hakuwasikiliza. Chombo kilikuwa kizuri, kazi ilikuwa inakwenda, kwa nini ajisumbue?

Na kweli ilikwenda. Mwaka wa kwanza salama. Wa pili salama. Ukizoea salama unasahau kwamba kuna masharti.

Mwaka 2005, Andrew Tridgell, mtaalamu mwingine wa programu huria, akaandika programu ndogo iliyoweza kuzungumza na seva ya BitKeeper na kuchota data. McVoy akaona mkataba umevunjwa, akaliondoa toleo la bure. Sasa fikirini mko kwenye viatu vya Torvalds. Mabadiliko yanamiminika kutoka kila pembe ya dunia, na chombo cha kuyapokelea kimechukuliwa. Ufunguo ulikuwa kwa nani?

Tarehe 3 Aprili 2005 alianza kuandika mfumo wake. Tarehe 7 Aprili, siku nne tu baadaye, mfumo huo ulikuwa unatunza msimbo wake wenyewe. Ndiyo Git. Mwezi Juni toleo la 2.6.12 la kerneli likatoka likiwa linatunzwa humo, na mwezi Julai akamkabidhi Junio Hamano usimamizi, ambaye yuko nao mpaka leo. Mwezi uleule wa Aprili, kwa sababu ileile, Matt Mackall akaanzisha Mercurial. Mifumo miwili mikubwa ilizaliwa ndani ya mwezi mmoja kwa sababu mtu mmoja alichukua ufunguo wake akaondoka. BitKeeper yenyewe ikaja kufanywa huria mwaka 2016. Wakati huo nani alikuwa anaiulizia?

Kila nikisimulia hiki, kuna mtu anaondoka na funzo kwamba ukikwama utaandika mfumo wako kwa siku nne. Ndugu yangu, wewe si Torvalds, na mimi pia si yeye. Siku mwenye chombo chako atakapobadilisha masharti hutaandika chochote. Utapiga simu na kuwekwa kwenye foleni.

Na haihitaji ugomvi. Bitbucket, huduma ya kutunza hazina mtandaoni, ilianza mwaka 2008 ikiwa nyumba ya Mercurial peke yake. Ikapokea Git mwaka 2011. Mwaka 2019 wenyewe wakatangaza kwamba Mercurial basi, na mwaka 2020 hazina za Mercurial zikaondolewa. Hapakuwa na hila. Walitoa taarifa mapema, watu wakapewa muda. Lakini timu iliyochagua Mercurial kwa hoja nzuri za kitaalamu, na hoja zilikuwepo, ilijikuta inahama kwa hoja ya kibiashara ya mtu mwingine. Google Code nayo ilifungwa mwaka 2016, na hapo tunazungumzia jina ambalo hakuna bosi angekulaumu kwa kuliamini.

Kwa hiyo mkikaa na muuzaji, msianze na "inafanya nini". Anzeni na "tukitaka kuondoka, tunaondoka na nini?" Msimbo na historia yake, kwa Git, mtaondoka navyo, kila aliye na nakala kamili anavyo tayari. Lakini je, tiketi za kasoro na kazi? Maoni ya wakaguzi wa msimbo? Kumbukumbu za nani aliidhinisha nini? Hivyo haviko ndani ya Git. Viko kwenye hifadhidata ya mwenye nyumba. Na kwa biashara inayokaguliwa, idhini zile zina uzito sawa na msimbo.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani kwenyewe, mahali mtakapoiweka hazina yenu.

Code Spaces ilikuwa kampuni ya kutunzia watu hazina za Git na Subversion. Juni 2014 mtu aliingia kwenye paneli ya kuendeshea akaunti yao ya seva za kukodi za Amazon, akaacha ujumbe wa kudai fedha. Walipojaribu kubadilisha nywila, yule mtu, ambaye alikuwa ameshajitengenezea milango mingine, akaanza kufuta. Alifuta mashine. Alifuta diski. Alifuta nakala rudufu. Ndani ya saa kama 12 sehemu kubwa ya data ya wateja ilikuwa imekwenda, na kampuni ikafunga biashara. Nakala rudufu zilikuwepo, jamani! Tatizo ni kwamba paneli iliyoendesha mashine ndiyo iliyoendesha na nakala zake. Ufunguo mmoja, milango yote.

Kisa cha pili ni cha GitLab, kampuni nyingine ya kutunza hazina za Git, na hawa nawaheshimu kwa jinsi walivyosema ukweli hadharani. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao aliyekuwa anahangaika na hifadhidata ya akiba akafuta folda ya data. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua yuko kwenye seva kuu. Akasimamisha. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu. Kumbe zile za kila siku zilikuwa zinashindikana kimyakimya, kwa sababu chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo lisilolingana na hifadhidata. Na barua pepe za kuwaonya? Zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakageukia njia hii, haifanyi kazi, ile, haikuwashwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono, kwa kazi nyingine kabisa, saa sita kabla. Walirejesha kwa hiyo, wakapoteza saa zile sita, na muda wote wakirusha kazi ya uokoaji moja kwa moja mtandaoni, dunia nzima ikitazama.

Angalieni kilichopotea na kisichopotea. Hazina za Git hazikuguswa. Tiketi, maoni na akaunti za saa hizo sita ndizo zilizokwenda.

Basi niwaulize, na jibuni moyoni tu, sitaki kumwaibisha mtu. Mara ya mwisho kurejesha nakala rudufu yenu ilikuwa lini? Sikuulizia kuchukua. Nimeulizia kurejesha, kwenye mashine tupu, na mtu ambaye si yule aliyeitengeneza.

Watu huniuliza: tukae kwa mwenye wingu, yaani kampuni inayokodisha seva zake mtandaoni, au tuweke seva yetu? Timu ndogo, kaeni kwa mwenye wingu. Yeye ana watu wa kukesha, nyinyi hamna. Lakini kila usiku vuteni nakala kamili kwenda mahali ambapo akaunti ileile haifiki. Kwa Git ni amri moja. Wenye masharti ya kisheria ya kutotoa msimbo nje, wekeni seva yenu, na muwe na mtu wa kuisasisha ambaye kazi hiyo imeandikwa kwenye majukumu yake. Waandishi wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, walikuwa na seva yao wenyewe ya Git. Machi 2021 yakaingia mabadiliko mawili yenye mlango wa siri, yakiwa na majina ya Rasmus Lerdorf na Nikita Popov, watu wakubwa wa lugha hiyo, na maelezo kwamba yanarekebisha kosa dogo la tahajia. Yaligunduliwa ndani ya saa chache. Wao wakaamua kuhamia GitHub, huduma ya kutunza hazina za Git mtandaoni, wakisema kuendesha seva yao kumekuwa hatari isiyo ya lazima.

Hapo kuna jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui: jina la mwandishi ndani ya Git ni maandishi tu. Mimi naweza kukaa hapa nikaandika badiliko kwa jina lako. Kama ukaguzi ni jambo la maana kwenu, washeni sahihi za kidijitali, na tawi kuu, yaani mkondo mkuu wa msimbo wenu, lisipokee kitu bila mtu wa pili kukiona.

La kuweka siri, kama nywila, ndani ya hazina nitalipita haraka kwa sababu mnalijua na bado mnalifanya. Wahenga walisema akiba haiozi. Nywila ikishaingia kwenye historia ni akiba ya namna hiyo: unaifuta kwenye toleo la leo, ya jana bado ipo. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye hazina ya faragha ya Uber huko GitHub, wakakuta humo funguo za akaunti ya Amazon, na taarifa za watu milioni 57 zikawa mikononi mwao. Hazina ilikuwa ya faragha! Faragha siyo sanduku la fedha. Ufunguo ukivuja, usihangaike kuufuta tu; ubadilishe.

Kuhusu mitindo ya matawi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda pembeni kabla ya kuunganishwa na ule mkuu, kuna vitabu vizima, na mimi nina sentensi mbili. Tawi likiishi zaidi ya siku chache linaanza kuwa programu nyingine. Niliwahi kuliacha langu miezi miwili; kuliunganisha kulichukua wiki mbili na urafiki mmoja.

Nimalizie na swali aliloniuliza dada mmoja pale mlangoni kabla hatujaanza. Timu yake inahama kutoka mfumo wa zamani. Historia ya miaka kumi na moja waibebe, au waanze upya, safi?

Dada yangu, ibebe. Vyombo vya kuhamisha kutoka Subversion kwenda Git vipo, kazi kubwa ni orodha ya majina, kila jina la mtumiaji wa zamani lipate jina kamili na barua pepe. Itakula siku chache. Ikishindikana kabisa, iache seva ya zamani ikiwa hai kwa kusomwa tu. Na nitakwambia kwa nini.

Ile timu yangu ya kwanza nayo ilikuja kuhama, miaka mingi baada ya kisa cha likizo. Kulikuwa na mabishano makali. Wengi walitaka kuanza upya, nami nilikuwa mmoja wao. Tulibeba historia kwa sababu mkuu wetu alikataa kusaini bila hiyo. Miezi michache baadaye kijana mpya akaja mezani kwangu amekunja uso. Amekuta sehemu ya ankara inayoshusha senti kila mara badala ya kuzikaribisha kwenye namba nzima iliyo karibu, anaona ni kosa dhahiri, anataka kulirekebisha. Na mimi nikaona ni kosa dhahiri. Nikamwambia, kabla hujagusa, iulize historia.

Akaiuliza. Ule mstari ulikuwa na umri wa miaka tisa. Maelezo yake yalisema: "Mteja wetu mkubwa ana mkataba na wauzaji wake, senti hushushwa, hazipandishwi. Msibadilishe bila kumuuliza. Nakala ya mkataba iko kwa mhasibu." Tukamuuliza mhasibu. Mkataba ulikuwepo, na ulikuwa bado hai.

Kijana akaniuliza, huyu aliyeandika hivi ni nani? Nikaangalia jina, nikacheka peke yangu. Alikuwa yule yule aliyeondoka na faili akaenda likizo.

Asanteni sana. Nani ana swali?